Kupima na Kukata Makombamoyo ya Paa

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima wa Majimoto na vijiji vya jirani katika bonde la Rukwa, aliyekwisha kuvuna mpunga wake na kuuza sehemu yake, na sasa ataka kuziondoa nyasi zilizo juu ya nyumba au ghala lake ili aezeke mabati. Wako wengi wafanyao hivyo kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Fedha nyingi hutoka katika miezi hiyo, na aghalabu hutumika kwa kununua mabati mazuri. Walakini bati zuri likiwekwa juu ya miti iliyokatwa ovyo halizuii maji, wala halidumu.

Nimeona ghala moja, si mbali na Majimoto, lililokuwa na makombamoyo 18, na hapakuwa na mawili yaliyolingana. Upande mmoja wa ghala kilele kilikuwa mahali pake, na upande wa pili kilikuwa kimepotoka kwa upana wa vidole viwili, na katikati paa lilikuwa na bonde. Maji ya mvua yalituama katika bonde lile, yakapenya kwenye maungio ya mabati, na magunia ya mpunga yaliyopangwa chini yake yakalowa mwezi wa Januari. Fundi aliyelijenga alikuwa mtu mwenye bidii, na msumeno wake ulikuwa mkali. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo nitalieleza mahali pake. Mwenye ghala alipoteza chakula cha nyumba yake cha miezi miwili, na hasara ya namna hiyo si ya gunia peke yake. Nafaka iliyolowa huota ukungu, na ukungu mwingine huzaa sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kabla ya kuendelea yafaa tuelewane juu ya majina. Kombamoyo ni ule mti au ubao uinamao, ushukao kutoka kilele cha paa mpaka kupita ukuta. Mafundi wengi huita jozi ya makombamoyo pamoja na mbao zake za kufungia kenchi. Mti ulalao juu ya ukuta, ambao makombamoyo hukaa juu yake, hapa tutauita mtambaapanya. Mbao nyembamba zipitazo juu ya makombamoyo kwa kuyakatiza, ambazo mabati hupigiliwa, ni papi.

Paa liiname kiasi gani?

Kila namna ya kuezeka ina mwinamo wake, na mwinamo huo hutokana na kazi ya maji. Wagogo wa Dodoma walijenga tembe zao kwa kutandaza udongo juu ya miti, paa likilala karibu sawasawa na sakafu. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mvua ya nchi yao ni chache. Anayejenga paa kama hilo katika bonde la Rukwa atalitengeneza upya kila masika. Watu wa pwani waezekao makuti husimamisha mapaa yao sana, ili maji yakimbie kabla hayajapata nafasi ya kuzama ndani.

Nyasi nazo zataka mwinamo mkali, maana kila unyasi hulala juu ya mwenzake, na kwa hiyo unyasi wenyewe haushuki kwa ukali ule ule wa kombamoyo. Paa likionekana limeinama kwa nyuzi 45, nyasi zake zimeinama pungufu ya hapo. Kwa sababu hiyo wazee walifanya kimo cha paa la nyasi kuwa sawa na nusu ya upana wa nyumba, au kuzidi kidogo, na paa lililopungua hapo halikukawia kuoza.

Bati halinywi maji, kwa hiyo laweza kulala zaidi. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wakidhani ya kwamba paa likilazwa sana litaokoa mabati. Hesabu yenyewe ni hii. Paa likilala kabisa, kila futi moja ya upana yahitaji inchi 12 za bati. Paa likiinuka inchi 5 katika kila futi, yahitaji inchi 13. Basi yule aliyelaza paa lake ameokoa inchi 1 tu katika kila 13, na kwa inchi hiyo moja amenunua uvujaji wa miaka yote. Tena paa lililolala hutwaliwa na upepo kwa urahisi, maana dhoruba itanguliayo mvua haisukumi bati kutoka juu, bali hulivuta kutoka mahali pake kama mtu afunuaye kifuniko cha chungu.

Kwa upande mwingine, yule atwaaye miti ya paa lake la zamani la nyasi na kupigilia mabati juu yake bila kubadili kitu anatupa fedha. Kwa mwinamo wa nyuzi 45 kila futi ya upana hula karibu inchi 17 za bati badala ya 13. Paa litakuwa zuri na halitavuja, lakini kwa mabati yale yale angaliweza kufunika nyumba kubwa zaidi.

Hesabu ya 5, 12 na 13

Mwinamo ninaoushauri kwa mabati katika nchi hii ni inchi 5 za kupanda kwa kila inchi 12 za kulala. Ukipimwa kwa pembe ni zaidi kidogo ya nyuzi 22 na nusu, lakini hakuna haja ya kukumbuka nyuzi, wala ya kuwa na chombo cha kuzipimia. Yatosha kukumbuka hesabu tatu: 5, 12 na 13. Pembetatu yenye upande mmoja wa 12, upande wa pili wa 5, na upande wa tatu wa 13, lazima iwe na pembe mraba kati ya 5 na 12. Haijalishi kama ni inchi, futi, au urefu wa fimbo yako. Jambo hili si geni; watu wa Babeli waliandika hesabu za pembetatu za namna hii katika vibao vya udongo yapata miaka 3,800 iliyopita.

Uzuri wa hesabu hii kwa mwezekaji ni kwamba haiachi vipande vya kusumbua. Kila futi 1 ya kulala hupanda inchi 5, na kombamoyo lake lina inchi 13. Tuchukue nyumba yenye upana wa futi 16, kutoka ukingo wa nje wa mtambaapanya mmoja mpaka ukingo wa nje wa mwenziwe. Nusu yake ni futi 8. Zidisha 8 kwa 5, utapata inchi 40, yaani futi 3 na inchi 4. Hicho ndicho kimo cha kilele juu ya mtambaapanya. Zidisha 8 kwa 13, utapata inchi 104, yaani futi 8 na inchi 8. Huo ndio urefu wa kombamoyo kutoka kilele mpaka ukingo wa nje wa ukuta.

Sasa ongeza sehemu itokezayo nje ya ukuta. Ukitaka itokeze futi 1, ongeza inchi 13 kwa hesabu ile ile, na kombamoyo zima litakuwa na inchi 117, yaani futi 9 na inchi 9. Ubao wa futi 10 watosha, lakini hausamehe kosa. Bati moja nalo latosha kutoka kilele mpaka mwisho, bila kiungo katikati. Pima kwanza bati lako, kwa maana bati liitwalo la futi 10 mara nyingi ni la mita 3, nazo ni inchi 118 tu. Likitokeza inchi 2 kupita mwisho wa kombamoyo, litapungukiwa inchi moja au mbili kufika kilele, na pengo hilo hufunikwa na kofia.

Ikiwa kuta zako ni za matofali mabichi, futi 1 ya kutokeza ni haba. Mvua ya upepo itapiga miguu ya kuta, na katika miaka michache utaona tofali za chini zimelika. Kwa kuta hizo tokeza futi 2. Kombamoyo litakuwa na futi 10 na inchi 10, na bati moja halitatosha. Itakupasa kuongeza kipande, na kile cha juu kilalie cha chini kwa inchi 6. Mimi ningependa kununua kipande hicho kuliko kujenga ukuta mara ya pili.

Kuipima nyumba

Usipime sakafu. Kuta zetu hazisimami wima siku zote, na upana wa juu waweza kuachana na wa chini kwa inchi nzima. Panda juu, mtambaapanya ukiwa umekwisha kufungwa mahali pake na kusawazishwa kwa pimamaji, ukapime kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje, mahali patatu: mwanzo wa nyumba, katikati, na mwisho. Vipimo vitatu vikilingana, endelea. Vikiachana, sogeza mtambaapanya mpaka vilingane, wala usijaribu kulirekebisha kosa la ukuta kwa kukata makombamoyo marefu na mafupi. Kisha nyosha kamba kutoka pembe moja ya nyumba mpaka pembe iliyo mkabala nayo, na tena kwa pembe mbili zilizobaki. Kamba mbili zikiwa na urefu mmoja, nyumba ni mraba. Zisipolingana, mabati yako yatakwenda upande kama ngazi.

Utwae futikamba moja tu kwa kazi yote, nawe mwenyewe uishike. Futikamba mbili kutoka maduka mawili zaweza kutofautiana, na ile iliyokatika mwanzo wake na kufungwa tena kwa waya ni adui.

Kulichora paa chini

Mtu asiye na skwea ya chuma asihuzunike. Njia hii ya kuchora paa chini ni ya zamani, nami naipenda kuliko nyingine, kwa kuwa macho huliona paa zima kabla msumeno haujagusa ubao.

Chagua mahali tambarare, papigwe fagio na kusawazishwa. Uwanja wa kuanikia mpunga wafaa sana. Piga kigingi kimoja, kiite A. Pima futi 16 kamili na upige kigingi cha pili, kiite B. Nyosha kamba kati yao; hiyo ndiyo juu ya mtambaapanya, kutoka ukuta mpaka ukuta. Tia alama katikati, futi 8 kutoka kila upande, nayo iite C.

Sasa twaa kamba mbili zisizonyumbuka, kila moja futi 8 na inchi 8. Funga moja kwenye A na nyingine kwenye B, uzivute zote mbili mpaka ncha zao zikutane. Mahali zikutanapo ni kilele. Piga kigingi, ukiite D. Huna haja ya kutafuta pembe yo yote, maana kamba zenyewe zimeitafuta. Ili kuhakikisha, pima kutoka C mpaka D. Ukikuta futi 3 na inchi 4, mchoro wako ni sahihi. Ukikuta zaidi au pungufu, usianze kukata. Rudia kupima AB, kwa kuwa mara nyingi kosa liko hapo.

Nyosha kamba nyingine kutoka C kupita D, uchore mstari wake ardhini kwa ncha ya msumari au kwa chokaa. Mstari huo husimama wima katika paa litakapokuwa juu. Endeleza mstari wa AB kupita A, kisha pale A chora mstari mwingine ulio sawasawa na ule wa CD. Huo ni uso wa nje wa ukuta. Mwisho, pima futi 1 nje ya A juu ya mstari uliolala, na hapo uchore mstari wa wima wa tatu, ambao ndio mwisho wa kombamoyo.

Kukata kigezo

Chagua ubao ulionyoka kuliko zote. Hilo litakuwa kombamoyo la kwanza, nalo ndilo kigezo cha mengine yote. Tuseme ubao wako ni wa inchi 2 kwa 4. Ulaze juu ya mchoro, ukifuata kamba ya AD, hali kamba ikipita inchi 1 na robo juu ya ukingo wa chini wa ubao. Yaani inchi 2 na robo tatu za ubao ziwe juu ya kamba. Ukisha kuulaza hivyo, utie mawe pande zote mbili usisogee.

Mikato ni mitatu. Wa kwanza ni ule wa kilele: fuata mstari wa CD upitao D, uuhamishe juu ya ubao kwa rula iliyonyoka, ukate hapo. Mkato huu ukikutana na mwenzake wa upande wa pili, nyuso mbili zitagusana kutoka juu mpaka chini bila nafasi. Fundi asiyejua hukata mwisho wa ubao kwa skwea, pembe mraba, kisha hushangaa kuona makombamoyo yagusana kwa ncha tu. Naye huziba nafasi kwa kabari na misumari, na kabari hukauka na kuanguka.

Kama utaweka ubao wa kilele kati ya makombamoyo ya pande mbili, lazima utoe nusu ya unene wake katika kila kombamoyo, ukipima kwa kulala wala si kwa kufuata mwinamo. Ubao wa unene wa inchi 1 hutaka nusu inchi itolewe kila upande. Watu husahau jambo hili, na paa lao huwa pana kuliko nyumba.

Mkato wa pili ni pengo la kukalia, mahali kombamoyo linapoketi juu ya mtambaapanya. Pale A mistari miwili hukutana: mmoja umelala na mwingine umesimama. Ichore yote miwili juu ya ubao, kutoka A mpaka ukingo wa chini, kisha uondoe kipande kilicho kati yake. Utaona ya kwamba sehemu iliyolala ina inchi 3 na robo, nayo yatosha kuketi vizuri juu ya mtambaapanya wa inchi 4. Usilichimbe pengo zaidi ya hapo. Theluthi moja ya unene wa ubao ndiyo mwisho. Ukipita theluthi, umeukata mti mahali hasa unapobeba mzigo, nao utapasuka kuanzia pembe ya pengo. Kata kwa msumeno mistari yote miwili mpaka ikutane, wala usiipite pembe hata kidogo. Ulimi wa msumeno ukizidi pale penye pembe, umeanzisha ufa kwa mkono wako mwenyewe.

Mkato wa tatu, ule wa mwisho wa nje, ni mwepesi. Lakini kama makombamoyo yote hayajasimama, waweza kuuacha kwanza, ukaukata baadaye kwa kamba moja iliyonyoshwa toka mwanzo wa nyumba mpaka mwisho, ili ukingo wa paa uwe mstari mmoja.

Ukimaliza kigezo, tumia kigezo hicho kukata kombamoyo moja jingine tu. Yapeleke mawili hayo juu ya nyumba, uyasimamishe mwanzoni, kisha katikati, kisha mwishoni. Tazama kama vilele vyagusana vizuri na mapengo yaketi bila kucheza. Kazi hii ni ya nusu saa, na watu huona uvivu kuifanya. Lakini baada ya kukata mbao 18 hapana marekebisho tena.

Sasa nirudi kwa yule fundi wa ghala. Alikata kombamoyo la kwanza vizuri. La pili akalipima kwa la kwanza, la tatu akalipima kwa la pili, la nne kwa la tatu, na hivi mpaka mwisho, kwa sababu lile alilokata sasa hivi ndilo lililokuwa karibu na mkono wake. Kalamu ya risasi iliyo butu huchora mstari wenye unene, na kila mara msumeno ulipita upande wa nje wa mstari. Tukisema kosa lilikuwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kila mara, kosa lisiloonekana kwa jicho, basi lilipofika kombamoyo la 18 lilikuwa limezidi inchi moja nzima. Kila kombamoyo lilifanana na jirani yake, na kwa hiyo hakuna aliyeona kosa mpaka bati lilipopanda. Dawa yake ni kuandika neno KIGEZO juu ya ubao ule wa kwanza kwa herufi kubwa, kupima kila ubao kwa huo peke yake, na kuupandisha juu wa mwisho.

Mbao zisizolingana, na miti ya mviringo

Ubao uuzwao kama inchi 4 waweza kuwa na inchi 3 na nusu, au 4 na robo, hata katika fungu moja. Kwa hiyo unapokipanga kigezo juu ya ubao mwingine, linganisha kingo za juu, wala si za chini. Kipimo kisichobadilika ni zile inchi 2 na robo tatu zilizo juu ya pengo. Ubao mpana utachimbwa zaidi kidogo na ubao mwembamba utachimbwa kidogo tu, lakini migongo yao yote itakuwa mstari mmoja, na papi zitalala bila kupanda na kushuka. Ukilinganisha kingo za chini, makosa yote ya mbao yatatokea juu ambako bati lipo.

Atumiaye miti ya mviringo, kama mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, hufuata sheria ile ile. Kila mti una upande ulionyoka kuliko mwingine. Upande huo ndio uwe juu. Pindo la mti lielekee pembeni, kamwe lisielekee juu wala chini. Nyosha kamba iliyotiwa masizi juu ya mgongo wa mti, uivute na kuiachia ichore mstari, na vipimo vyote vipimwe kutoka mstari huo. Shina nene liwe chini, upande wa ukuta. Menya magome yote kabla ya kuezeka, maana bungua hupenda kukaa chini ya gome, na miti ikatwe mapema ipate kukauka kivulini. Mti mbichi ukipigiliwa hukaukia juu ya paa, ukijipinda wapendavyo. Naye atakaye miti ya msituni apate kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mti uliokatwa bila kibali waweza kutwaliwa pamoja na gharama zake zote.

Kusimamisha na kufunga

Makombamoyo mawili yakiegemeana husukuma kuta nje. Kuta za tofali haziwezi kuvumilia msukumo huo, na ufa uonekanao juu ya mlango wa nyumba nyingi hutokana nao. Kwa hiyo kila jozi ifungwe kwa boriti ya kuvuka, kutoka kombamoyo mpaka kombamoyo, karibu kabisa na mtambaapanya. Wengine huipandisha boriti hiyo juu ili wapate nafasi ya kupita. Kila inchi wanayoipandisha huipunguzia nguvu. Tia na mti wa wima kutoka kilele mpaka katikati ya boriti, usije ukalegea.

Simamisha jozi mbili za mwanzo na mwisho kwa timazi, uzitegemeze, kisha nyosha kamba kati ya vilele vyao. Jozi nyingine zote zifuate kamba hiyo. Kwa nyumba ya urefu wa futi 24 jozi 9 zikiachana futi 3 zatosha. Mtambaapanya nao ufungwe kwenye ukuta kwa waya nene au ukanda wa chuma uliopita chini ya safu kadhaa za tofali, uliowekwa wakati ukuta ukijengwa. Mtambaapanya uliolazwa juu ya udongo bila kufungwa huondoka pamoja na paa zima siku ya dhoruba, hata kama pembe zako ni sahihi.

Papi 5 kila upande, zikiachana inchi 28 au 29, zinafaa kwa urefu tulioutaja. Anza kupigilia mabati upande usiokabili upepo, ili kila bati lifuatalo lilalie lililotangulia na kinywa cha kiungo kisitazame dhoruba. Bati lilalie mwenzake mgongo mmoja na nusu, na msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe usipigwe kwenye mfereji ambamo maji hupita.

Masika yakianza, ingia ndani ya ghala siku ya mvua kubwa ya kwanza ukiwa na kipande cha mkaa, na kila mahali uonapo tone tia alama kwenye papi iliyo karibu. Usipande juu ya bati bichi siku hiyo. Ngoja likauke, ndipo upande na kutazama penye alama. Mara nyingi utakuta msumari uliolegea au usio na kizibo chake. Kile kigezo, ikiwa ulikikata katika ubao wa ziada, kitundike ndani chini ya paa, ukiandika juu yake upana wa nyumba, kwa kuwa jirani atakuja kukiazima kabla ya Oktoba nyingine.